Tenu Iliyolala Chini ya Mgomba

Siku ya yenga, Jumapili, Mweso. Mvua imeanza watu wakiwa bado misani na mpaka sasa haijaonyesha nia ya kurudi kwao. Mabati yanapiga kelele hivi kwamba sisikii wanayosema nje, na afadhali.

Wananingoja mimi.

Nimejifungia chumbani. Nimewaambia ninavaa. Ni uongo, nimeshavaa tangu asubuhi. Nimekaa ukingoni mwa kitanda na telefone mkononi, ninaandika, maana nikiacha kuandika nitapiga mtu. Upande wa ukutani, pale Papa Furaha alipokuwa analala, imelazwa tenu yake, sare yake ya polisi. Shati la bluu, suruali ya bluu, mkanda, kofia. Nimeipiga pasi mwenyewe wiki hii, nikaweka na ule mstari wa mbele kwenye suruali kama anavyopenda. Kama alivyopenda. Sijui mtu anaanza lini kusema hivyo bila kujikwaa.

Mama yake na watu waliokuja kulia wanaitaka hiyo tenu. Wanataka kuizika.

Niseme vizuri, maana huenda siku moja akayasoma haya hata mtu asiyejua kwetu. Mume wangu, Papa Furaha, polisi wa barabarani, amefia Hombo, upande wa pili wa mstari wa mapigano ambao siku hizi hakuna anayeuvuka na maiti. Wenzake wamemzika huko huko. Habari imetufikia siku ya tano, Ijumaa. Sasa, kwao mume wangu ni Itebero, ndani ya pori la Walikale. Kwa watu wa ukoo wake, mtu akifia mbali na mwili usirudi, hawakai tu na kulia. Wanakata mgomba, wanauvalisha nguo za marehemu, wanauzika kama ndiye. Hapo kilio kinaweza kuisha. Bila hivyo, wanasema, atazungukazunguka njiani hajui kwake ni wapi.

Mimi ni Mnande wa Butembo, binti wa mfanyabiashara, Mkatoliki wa kubatizwa nikiwa mgongoni mwa mama. Kwangu mgomba ni ndizi, basi. Lakini si dini inayonifanya nisifungue mlango.

Sina kitu kingine chake.

Nilipomjua alikuwa mwanajeshi, soda kama tunavyowaita huku. Lori la baba yangu lilikwama kilimani karibu na Mweso, limejaa sabuni na chumvi, na baba alikuwa ametuonya tusishuke kwa sababu basoda wako barabarani. Akaja mmoja mrefu, mwembamba, bunduki mgongoni. Mimi nikaficha mkoba chini ya makalio. Yeye akamwuliza dereva, "Kamba muko nayo?" Akavua koti, akaingia matopeni mpaka magotini, akasukuma pamoja na vijana wetu. Kisha akaenda mbele, akaliongoza lori kwa mikono, huku, kule, polepole, kama mtu anayemwita mtoto aanze kutembea. Tulipotoka baba akampa mche wa sabuni. Akaukataa. Ndani ya lori baba akasema, "Soda anakatala sabuni? Ule iko mugonjwa."

Bon. Nikaolewa na mgonjwa huyo.

Butembo walilia kama wamenizika. Mama yangu alisema soda anaoa kila anapolala. Huyu wangu alioa mara moja, na shida yake ilikuwa kwamba hakulala nyumbani. Furaha, binti yetu wa kwanza, alizaliwa baba yake akiwa mbele, kwenye mapigano. Alimwona mtoto tayari ana meno. Akamnyooshea mikono, mtoto akapiga kelele, akakimbilia sketi yangu, na yule mwanaume mrefu akakaa chini palepale mlangoni na buti zake. "Mama Furaha," aliniambia, "mi nataka kazi ya kulala ku nyumba."

Akahangaika, akaomba, akasubiri, mpaka akahamishiwa polisi. Wenzake wa jeshini walimcheka sana kwa kubadilisha bunduki na filimbi. Aliwajibu kwamba filimbi haijaua mtu.

Na filimbi hiyo aliipenda! Ya chuma, ilining'inia shingoni kwa kamba nyeusi. Nyumbani tuliishi kwa filimbi. Mlio mmoja, watu wote mezani. Milio miwili, watoto wakaoge. Hata mama yake, ambaye watoto wanamwita Koko, alikuwa anatoka shambani mbio akisikia ule mmoja, halafu anasema hakuja kwa sababu ya filimbi, amekuja kwa sababu ya kiu. Mtoto wetu mdogo, Riziki, alipokuwa na homa, baba yake alimfunga mgongoni kwa kitenge juu ya tenu akaenda naye kazini, barabara ya sokoni. Wamama wa soko wakamshangilia, "Komanda anabeba mutoto!" Akapiga filimbi kuwanyamazisha. "Huyu anabebwa na serikali," alisema.

Asidhani mtu kwamba niliolewa na malaika. Alikoroma. Alitia chumvi kwenye maharage yaliyokwisha kutiwa chumvi, kila mara, na kila mara alibisha. Tenu yake hakuna aliyeruhusiwa kuifua isipokuwa mimi, na nikishapiga pasi alifumba jicho moja kuangalia kama ule mstari umenyooka, kama fundi wa ukuta. Niligombana naye kwa ajili ya mstari huo miaka yote. Siku ya posho alipanga viatu vya nyumba nzima kwenye baraza, vyake, vyangu, vya watoto, hata sandali za mama yake za plastiki, akavisugua vyote. Nani anasugua sandali za plastiki?

Nimecheka peke yangu hapa chumbani. Wakinisikia huko nje watasema kichwa kimeruka.

Siku mji ulipobadilisha wenyewe, waasi wakiingia, alirudi nyumbani mchana akitembea, si mbio. Alikuwa anasema polisi akikimbia mji wote unakimbia. Wakubwa wake walikwisha kupanda gari. Alisimama mlango wa jikoni, nikamwambia neno moja tu.

"Vua."

"Nini?"

"Tenu. Vua."

"Mama Furaha, bila tenu mi ni nani?"

"Ni Papa Furaha. Vua!"

Nikampa shati lake la shamba, lile la kahawia lenye kiraka mgongoni, na suruali iliyochanika magotini, na jembe. Alikuwa bado na filimbi shingoni. Nikaivuta. "Mulimaji gani anavala filimbi?" Akacheka, akaiachia. Niliitia katika mfuko wa shati la tenu, nikafunga kifungo. Nilimwangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, nikaona mwanaume kama wanaume wote wanaoshuka kutoka mashamba ya maharage, na nilifurahi. Nilijiona nina akili kabisa. Na kweli ilimsaidia, maana alipita kati yao na jembe lake begani, wakamsalimia, akawasalimia, akashika njia za porini kuelekea Walikale.

Alipokuwa anatoka alisema, "Chunga tenu yangu." Hakusema chunga watoto. Hilo alijua halihitaji kusemwa.

Tenu ya polisi ikikutwa ndani ya nyumba wakati kama ule, nyumba nzima inaulizwa. Jirani mmoja aliichoma ya mume wake, na moshi ukamsema. Mimi nikafikiri. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, tuna shimo la kuivishia ndizi za kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Nilikunja tenu vizuri, nikaifunga katika plastiki kutoka kiosk yangu, nikailaza chini kabisa shimoni. Juu nikaweka majani makavu. Juu ya majani nikalaza kipande cha mgomba ili udongo usizame, kisha nikafukia. Walipokuja kupita nyumba kwa nyumba, mmoja alichoma pale kwa fimbo akaniuliza kasiksi itaiva lini. Nikamwambia bado. Walipoondoka nikakaa chini nikicheka kama mjinga.

Koko alirudi jioni ile kutoka kwa jirani alikokuwa amejificha na watoto. Aliona udongo mpya, akauliza. Nikamnong'oneza, tena nikijisifu.

Mama mkwe wangu ana mtoto mmoja tu duniani. Mwanawe alikwenda mwenyewe kwa miguu kumtoa Itebero, vijiji vya huko vilipowaka moto, akambeba mgongoni penye mito. Alisikia maneno yangu mpaka mwisho, akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akakaa juu ya majani.

"Umezika mutoto wangu," alisema. "Muzima!"

"Mama, ni kuficha tu."

"Nguo yake. Mugomba. Shimo. Ee Mungu wangu, njo vile tunazikaka wafu, Mama Furaha! Shimo itajua aje kama unaficha tu?"

Mtu wa Butembo angejuaje? Nilitafuta pa kuficha nguo, nikafanya mazishi ya mume wangu kitu kwa kitu bila kosa hata moja. Hakuna aliyewahi kunielekeza hiyo kazi, na niliifanya vizuri kuliko wenyewe.

Tangu siku hiyo Koko alipika chungu chake. Alipanga mafiga yake upande wa pili wa jikoni, tukawa tunapuliza moto tukipeana migongo. Alinisalimia, aliuliza nimeamkaje, alimchambua Riziki nywele. Chakula changu hakugusa.

Kisha siku moja telefone ililia, na ni Papa Furaha, kutoka Walikale, kwa telefone ya kuazima. Muzima! Nilimpa mama yake amsikie kwa masikio yake. Alisikiliza, machozi yakamtoka, akanirudishia telefone. "Iko muzima," aliniambia. "Sasa toa ile nguo, kabla shimo isikie jina yake." Mimi nikamsimulia mume wangu yote, nikitaka aseme mama yake anazidisha. Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe nilishakufaka na hamuniambie!" Halafu akatulia, na sauti yake ikawa ile aliyokuwa anaitumia kwa watoto wagonjwa. "Lakini ni mama, Mama Furaha. Umufanyie yenye anataka. Siku hatari itapunguka, uitoe."

Hatari haikupungua haraka. Tulipitisha mvua na mvua. Yeye alikuwa anapiga simu kila akipata, anauliza viatu vya watoto vinasuguliwa na nani.

Siku ya kwanza ya wiki hii, Jumatatu, niliona sasa ndiyo wakati. Doria hazikuwa zinapita, na maji yalianza kutuama juu ya shimo. Nilishika jembe mchana kweupe kama mtu anayefukua ndizi, na Koko akasimama karibu na kapu. Plastiki ilikuwa imepasuka, tenu imelowa, ina rangi ya udongo. Koko alihesabu vitu kwa kugusa. "Kwetu," aliniambia, "tukitoa, hatuachake kitu mu shimo. Na tukizika, hatuachake kitu ya kazi yake inje, hata kidogo. Mwenyewe atairudilia."

"Atairudilia aje, mama? Na miguu?"

"Cheka tu," alisema.

Nilicheka, ndiyo. Nilifua tenu maji manne, nikaianika jikoni juu ya moto ili isionekane nje. Harufu yake nilikuwa nimeitamani tangu aondoke, na katika plastiki ile ilikuwa imebaki kidogo, kwenye kola, chini ya harufu ya udongo. Niliisikia nikiwa tayari nimetia sabuni. Nikaendelea kusugua, mpumbavu mimi, kwa sababu nilijua anarudi na atakuja na nyingine.

Nilipomaliza kupiga pasi na kurudisha filimbi mfukoni, Koko alifumba jicho moja akaangalia mstari, kama mwanawe. Jioni ile alivuta kigoda chake mpaka kwenye chungu changu. Ilikuwa bugali na sombe ya majani ya muhogo. Alinyoosha mkono tu akamega, na mimi nikageukia ukuta kwa sababu sikutaka anione.

Aliniambia nifukie shimo. Mvua ilikuwa inakuja. Nikasema kesho.

Siku ya tano aliyepiga simu hakuwa Papa Furaha. Alikuwa Jérôme, polisi mwenzake waliyekimbia pamoja. Nilijua tangu aliponiita "dada", maana siku zote ananiita Mama Furaha.

Kule Hombo, alisema, barabara imeharibika, kuna tope linalomeza malori nusu. Polisi kama wao hawana kituo, hawana kazi, wanakaa tu. Papa Furaha hakuweza kukaa. Alikuwa anaenda pale kila asubuhi, anasimama kwenye tope, anaongoza malori kwa mikono, moja baada ya jingine. Hakuna aliyemtuma. "Alikuwa anasema mikono yake inamusumbua kama haina kazi," Jérôme alisema. Kulikuwa na lori linateremka, na jingine limekwama chini na vijana wanalisukuma. Akapanda kilima kulisimamisha lile la juu. Akainua mkono.

"Na dereva?" niliuliza.

"Dada, dereva anasema aliona tu muntu na shati ya shamba. Alizani ni bale banasimamishaka malori juu ya kuomba pesa. Hakujua njo polisi. Wakati alifunga freni, matope ikamupeleka." Kisha akamalizia. "Alipiga kelele, lakini mashini ilikuwa inalia. Hakukuwa na filimbi."

Vijana wa chini waliruka pembeni, wote wazima. Yeye hakuruka kwa sababu alibaki ameinua mkono.

Shati la shamba nililichagua mimi. Filimbi niliitoa shingoni mimi. Nimejaribu kumchukia yule dereva tangu siku ya tano, nimeshindwa, kila nikianza ninaliona lile shati la kahawia na kiraka chake, na kiraka nilikishona mimi pia. Padri amenikanya leo baada ya misa, amesema nisijihukumu, nilimwokoa mara ya kwanza. Nimemwambia aksanti, Padri. Maneno yake ni mazuri na hayanifikii popote.

Na lile shimo lilikuwa wazi. Kutwa nimejiambia ni shimo la ndizi, ni shimo la ndizi.

Ninalongoja ni Koko aseme. Tangu siku ya tano hajaniambia, "Nilikuambia." Analia kwa kufunika mdomo na kitenge kama sisi wote, kwa sababu mji hautakiwi kujua tunamlilia polisi. Tumesema ni mulimaji aliyeuawa na lori, na majirani wote wanaojua ukweli wanaitikia, eh, mulimaji, masikini. Ndiyo maana mgomba utavalishwa humu chumbani, utoke umefungwa ndani ya mkeka. Ningependa aniseme. Aniseme mbele ya watu, anitukane kwa lugha yake ya porini, niinamishe kichwa, iishe.

Mlango unagongwa. Ni yeye. Ninajua hatua zake.

*

Mvua imekatika. Bado kuna mwanga kidogo upande wa milima, na ninaandika jikoni.

Koko aliingia akafunga mlango nyuma yake. Alikaa kitandani, mimi upande huu, tenu katikati yetu. Kisha akapitisha kidole juu ya mstari wa suruali, kutoka kiunoni mpaka chini.

"Mama," nilimwambia, "uniachie hata shati. Shati tu."

"Jérôme alisema bamuzika na nguo gani?"

Alijua. Alijijibu mwenyewe. "Na ile ya shamba. Na matope yake." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mutoto wangu alikuwa anapenda usafi sana, Mama Furaha. Tangu kidogo. Mu pori anafua, anaanika ku majani, anakaa uchi anangoja ikauke. Nani atamuvalisha hii, kama si siye?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi. Kwa hilo sikuwa nimejitayarisha. Nililia kwa sauti, mji usikie ukitaka, na mama mkwe wangu akanishika kichwa akakiweka kwenye paja lake lenye harufu ya moshi.

"Sema ni mimi," nilimwambia. "Nilimuzika. Nilimuvalisha lile shati. Sema, mama."

"Nyamaza," alisema. "Nyamaza, mutoto wangu. Bote wawili tulikuwa tunamuficha."

Basi nikafungua mlango. Furaha, binti yangu, ambaye amekuwa mrefu kama baba yake bila mtu kumruhusu, aliingia na kipande cha mgomba alichokata yeye na jirani, bado kinatoa maji. Watoto wengine walibaki nje na wamama wa kanisa. Tulikilaza juu ya mkeka, wanawake watatu. Suruali ilisumbua, tukaifunga na mkanda. Kofia tuliiweka juu. Sikutaka kuona, lakini ukweli ni kwamba ukivalisha kitu shati la mtu uliyelipiga pasi miaka yote, mikono yako inalijua. Nilinyoosha kola. Nilisikia mkono wangu unampapasa bega.

Ile filimbi, kabla sijafungua mlango, Koko alipokwenda dirishani kuwaita, niliitoa mfukoni.

Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe, ukafungua kifungo, ukaichukua, ukaisukuma chini ya mto. Mimi, Mnande, binti wa mfanyabiashara, niliyecheka juu ya shimo wiki hii hii.

Koko alifunga vifungo vya shati kimoja kimoja kuanzia chini. Alipofika kifuani alisimama.

"Filimbi?"

"Iko mufukoni, mama."

Aliweka kiganja juu ya mfuko. Filimbi ya chuma haifichiki chini ya kitambaa, hata kipofu angejua. Kiganja kikakaa pale. Furaha alituangalia, mara mimi, mara Koko, na mimi niliangalia mkeka. Nilijua atakachosema. Sheria ni yake, yeye ndiye aliyenifundisha, kitu cha kazi yake kikibaki nje mwenyewe atakirudilia.

Akafunga kifungo cha mfuko. Akakibonyeza mara mbili kuhakikisha.

"Njo vile," alisema. "Iko mufukoni."

Tukakunja mkeka, tukamtoa. Katekista alisema Baba Yetu, polepole, katikati ya migomba, na shimo lilikuwa palepale lilipokuwa, halikuhitaji jembe. Riziki aliuliza kwa nini tunafukia ndizi kwa kulia. Dada yake akambeba mgongoni.

Watu wameondoka sasa. Wameacha maharage kwenye sufuria kubwa, na yamezidi chumvi, na hakuna wa kugombana naye.

Nilikuja huku jikoni kufunga mlango wa nyuma, ule wa upande wa migomba, kabla giza halijaingia. Nimemkuta Koko amekaa karibu nao, amejifunika kitenge, anaota moto. Komeo la mlango ameshalitoa, amelilaza chini kando ya miguu yake. Sandali zake za plastiki amezisugua, na viatu vya watoto, na vyangu, vimepangwa mstari kwenye kizingiti.

Mlango nimeuacha bila komeo. Nimevuta kigoda changu, nimekaa naye.